Mgema Akisifiwa

Ile video nimetumiwa na kila anayejua kwamba nacheza World of Warcraft, na wote wameandika maneno yale yale: "Umeona fundi?" Nimeona. Ni mlozi (Warlock) wa kibilikimo, nywele za waridi, yumo Blackwing Lair kwenye seva ya Classic, anapambana na bosi Chromaggus. Jina lake linapanda mita ya madhara mpaka nafasi ya kwanza, rangi ya chungwa, ile ya alama za juu, inawaka, muziki unapigwa, na sifa zinamiminika. Chromaggus anakufa, sikatai. Ila hebu tazama sekunde chache kabla ya pumzi ya pili. Wenzake wote wameshajificha nyuma ya kona. Jamaa kasimama wazi palepale, mana imemwishia, anapiga Life Tap mbili mfululizo mpaka uhai unabaki theluthi, pumzi inamkuta, na Priest aliyekuwa akimhudumia tanki inabidi amgeukie yeye. Tanki ananusurika kwa bahati tu. Fundi wetu haoni lolote, anaendelea kufyatua Shadow Bolt.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu hata kugema hajajua, na sifa keshapewa.

Kwa hiyo naandika, maana naona wanaojua wamenyamaza. Nasema juu ya mlozi wa ngazi ya 60, wa mchezo kama ulivyotoka Novemba 2004 na kama ulivyorudishwa Agosti 2019. Walozi wa matoleo ya baadaye wana mambo yao, na wana mashabiki wao.

Kwanza, toeni macho kwenye mita. Mita inahesabu alichofanya mtu, haihesabu alichowasababishia wengine. Niliwahi kuwa chama kimoja na bwana aliyekuwa akipata rangi ya chungwa kila wiki. Ndugu yake wa damu alikuwa Priest, na Power Infusion ya ndugu huyo, asilimia 20 nzima ya nguvu za uchawi kwa sekunde 15, haikuwahi kumfikia Mage hata siku moja. Akifikiwa bosi asiyefaa kwa namba zake, intaneti ya bwana yule "ilikatika". Mwingine alikatazwa na kiongozi kuweka Corruption, uchawi unaomtafuna adui polepole, na katazo lilikuwa la haki: mwanzoni adui alibeba madhara 8 tu kwa wakati mmoja, mwaka 2005 yakaongezwa yakawa 16, na katika kundi la watu 40 hizo ni nafasi za kugombaniwa. Unaloingiza wewe linaweza kumsukuma nje mwenzako. Bwana alisubiri kiongozi ashughulike na jambo jingine, akaiweka. Mita ilimpenda. Warriors walikuwa wakiuliza kila siku kwa nini madhara yao yanapotea.

Kuhusu kugonga, yaani uchawi kumpata adui, nyongeza ya asilimia 16 ndiyo dari ya mapambano na bosi. Uchawi mmoja katika mia utapotea hata ufanyeje. Anayejaza zaidi ya hapo anavaa mapambo.

Kisha laana. Mlozi mmoja, adui mmoja, laana moja: ndiyo sheria ya mchezo, na ndipo tabia ya mtu inapojulikana. Curse of the Elements ni ya Mage, wa moto na wa barafu. Curse of Recklessness inawapendeza Warriors na Rogues kwa sababu inapunguza deraya. Curse of Shadow angalau na wewe unaifaidi. Ila Curse of Agony inaandikwa kwenye mita kwa jina lako, na ndiyo maana mlozi wa video yule ameibandika Agony tangu mwanzo hadi mwisho. Ukimkuta mlozi ameshika Recklessness mwaka mzima bila kulalamika, mheshimu. Ukimkuta anaitumia kumwongoza adui aliyetiwa hofu, mpigie saluti. Adui anapigwa Fear, anakimbilia kwenye kundi la wenzake. Mlozi anambandika Recklessness, adui anasahau woga na kugeuka. Mlozi anaifunika kwa laana nyingine, adui anaanza kukimbia tena. Nimeona mtu akimrudisha na kumpeleka hivyo kwenye korido ya Scholomance bila kuamsha hata mfupa mmoja. Mita yake siku hiyo ilikuwa ya aibu.

Sasa lenyewe. Life Tap, kujigema kwetu sisi, ndiyo mizani ya mlozi, na ndiyo kitu ambacho mtazamaji mgeni hakioni kabisa. Haina mwanga wa maana, haina mlio wa kutisha, haileti namba kwenye mita. Uhai unashuka, mana inapanda, kwisha. Mgeni anafikiri ni bure, na hapo ndipo anapopotea. Kwanza unalipa ile sekunde moja na nusu ambayo mkono hauwezi kufanya jambo lingine. Pili, uhai uliojitoa lazima mtu aurudishe. Kila unapojigema umemwandikia Priest deni, na yeye hukumuuliza.

Mlozi mbovu hujigema anapoishiwa. Angalia mana yake: inashuka mpaka sifuri, inapanda ghafla, inashuka tena mpaka sifuri. Kila anapoishiwa, anasimama na kujichoma mara tatu, nne, na daima inakuwa wakati mbaya, kwa sababu saa ya kuishiwa hakuichagua yeye.

Mlozi mzuri hujigema anapotembea. Shadow Bolt, hata ukiwa na kipaji cha Bane kamili, inataka usimame sekunde mbili na nusu. Hatua yoyote unayopiga ni muda uliokufa. Basi hatua hizo ndizo za kujigema, maana ile sekunde na nusu ilikuwa imepotea tayari. Rudi kwa Chromaggus. Pumzi zake zina saa yake, kila mtu anaijua, na kila mtu lazima atembee kwenda kwenye kona na kurudi. Mlozi anayejua kazi anajigema njiani anapokwenda kujificha, mana ikiwa bado nusu, hana shida yoyote. Anapotokea upande wa pili yuko tayari kwa raundi nzima. Yule wa video hakutembea kabisa, eti asipoteze hata bolti moja.

Juu ya huyo yuko mlozi anayejua uhai wake utarudishwa na kitu gani. Rejuvenation iliyobaki mgongoni mwake inadunda. Akiwa amejaa inadunda bure. Healing Stream ya Shaman inadondosha uhai kwa kundi zima, nayo kwa aliyejaa inamwagika. Huyu mlozi anajigema mara moja tu, kiasi kile kile kitakachojazwa na matone yaliyokuwa yapotee. Mponyaji hatumi kitu. Uhai wa mlozi wa namna hii haujawahi kujaa kabisa, na haujawahi kumtia mtu wasiwasi. Unapanda na kushuka ndani ya robo ile ya juu mpaka bosi anaanguka. Sikilizeni, hicho ndicho cha kutazama. Ukipewa video ya mlozi, funika mita kwa kidole gumba na utazame uhai wake.

Mkubwa wao niliyemwona alikuwa Mzee mmoja aliyekuwa akicheza kutoka Dar es Salaam enzi za setilaiti, kabla waya wa SEACOM haujatua mwaka 2009. Kila amri yake ilichelewa zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi. Kwa hali hiyo huwezi kucheza kwa macho, kwa sababu unachokiona kimeshapita. Mzee alicheza kwa kukariri. Alijua bosi atafanya nini baada ya muda gani, akawa anajigema kabla sisi hatujaona sababu, na sababu ilikuja. Mponyaji mmoja, Mwingereza asiyejua hata Dar iko upande gani wa dunia, aliwahi kusema kwamba huwa anasahau kuwa Mzee yumo kundini. Mzee aliifurahia kauli ile kuliko joho lolote alilopata.

Kuna mabosi wawili wa kumpimia mtu haraka. Wa kwanza ni Vaelastrasz. Yeye mwenyewe anawapa wote Essence of the Red, na kwa dakika tatu mana inafurika bila kukoma. Hakuna sababu yoyote duniani ya kujigema hapo, lakini kaa uhesabu wangapi wanajigema. Kinachocheza ni kidole, kichwa kimelala. Wa pili ni Loatheb, kule Naxxramas, ambako kila mponyaji anaruhusiwa uponyaji mmoja tu kwa dakika. Uhai unaojitoa hapo haurudi, umekula wa tanki. Mlozi wa kweli hufika kwa Loatheb na dawa za mana, bendeji na Healthstone yake, akaishi humo kana kwamba Life Tap haijabuniwa. Mlozi wa mita hujigema kama kawaida, kisha baada ya kufa watu 40 anauliza nani hakumponya.

Na hizi seva rasmi za Hardcore zilizofunguliwa mwaka 2023, ambako ukifa umekufa, zimenipa raha kidogo. Life Tap yenyewe haiui. Inakuacha pale ambapo kofi la nguruwe pori linatosha. Walozi waliosifiwa sana kwingine wamelala huko kwenye ngazi ya 20 na kitu.

Mtanielewa nikisema kwamba ulozi wa zamani ulikuwa na kazi nyingi zisizoonekana. Vipande vya roho, mafuta ya uchawi wetu, vilikaa mfukoni, kila kimoja na nafasi yake, havikubebana. Kabla ya kuingia Molten Core mlozi alikwenda peke yake kuvuna: adui karibu anakata roho, unaweka Drain Soul ya daraja la kwanza, ile ya bei rahisi, unasubiri. Kisha unarudi na mfuko umejaa, unamgawia kila mtu Healthstone mkono kwa mkono, unavuta waliochelewa kwa Ritual of Summoning ukiwaomba wawili wakusaidie, unamwekea mponyaji Soulstone. Kwa Garr, bosi wa humo, ulipewa mmoja wa Firesworn wake wanane umfungie kwa Banish, sekunde 30, umfungie tena, umfungie tena, na ukisahau mara moja tu kundi zima linajua jina lako. Mwaka 2007 wakaleta kisima cha Healthstone, kila mtu ajichotee. Mwaka 2010, na Cataclysm, vipande vikatolewa mfukoni vikawa taa tatu chini ya picha yako. Vijana wakashangilia kwamba usumbufu umeondoka. Sawa, uliondoka, na mlozi mvivu akapata pa kujificha.

Mengine sitayatolea hoja. Mlozi ni mfu au ni Orc. Akikosa kabisa, binadamu. Mbilikimo hapana. Mavazi ni Nemesis, na pembe zionekane, hata kama yapo majoho yenye namba nzuri zaidi. Anayetembea Orgrimmar na Succubus ili atazamwe hajakomaa. Mnyama wa kupanda ni Dreadsteed, uliyempata mwenyewe ndani ya Dire Maul, usiku, na marafiki waliokuja kwa hiari. Anayelipa watu wamfanyie ile kazi anunue tu farasi wa kawaida. Na mlozi hasemi sana. Mwenye maelezo marefu baada ya kila pambano huyo ni Mage aliyepotea njia.

Nimemtaja Mzee, nimtaje na dada mmoja niliyekuwa naye kwa Twin Emperors, Ahn'Qiraj. Vek'lor, mmoja wa mapacha hao, haingiwi na panga, kwa hiyo anayemshika ni mlozi, kwa Searing Pain, naye anapokea kila kinachorushwa. Wale mapacha wanabadilishana mahali ghafla, na mlozi wa upande ule lazima amdake kabla hajamgeukia mponyaji. Dada alimdaka kila mara. Sikumwona akijigema pambano zima, kwa kuwa uhai wa tanki ni mali ya waponyaji. Alikunywa dawa zake, akanyamaza. Mwisho wa yote mita ilimweka chini kabisa, karibu na waponyaji. Kiongozi kijana aliyekuwa mgeni akamwandikia kwamba ajitahidi zaidi wiki ijayo. Hakujibu. Wiki iliyofuata alikwenda chama kingine, na sisi mapacha wakatushinda kwa mwezi mzima.

Chama chetu cha sasa kinaingia Naxxramas kila Jumatano saa tatu usiku kwa saa za Nairobi, na tunatafuta walozi wawili. Usitutumie picha ya mita. Tutumie video ya Loatheb moja, isiyokatwa, uhai wako ukionekana.