Sura ya Waklingon: Suala la Fani na Kumbukumbu ya Hadhira

Katika Star Trek, mfululizo wa televisheni wa Kimarekani ulioanza mwaka 1966, Waklingon walionekana mwaka 1967 wakiwa na vipaji vya uso laini kama vya binadamu. Filamu ya mwaka 1979 iliwapa matuta ya mfupa. Mwaka 2017 mfululizo mwingine, Discovery, ukawaondolea nywele zote. Baadhi ya wapenzi wa hadithi hizo walilalamika kwamba historia imefutwa. Wengine wakajibu kwamba sura ni vazi tu, kiini ni visa.

Pande zote mbili zinakosea. Fani si vazi la maudhui. Hadhira humtambua mhusika kwa sura kabla hajanena, na utambuzi huo ni sehemu ya maana. Hata hivyo, si kila badiliko huhitaji maelezo. Mwaka 1996, katika Deep Space Nine, Worf, ambaye ni Mklingon, alipoulizwa juu ya tofauti hiyo alijibu kwamba wao hawaizungumzi na wageni. Jibu hilo lilikiri kumbukumbu ya watazamaji bila kuiua. Mwaka 2005 Enterprise ilileta kisa cha virusi, na fumbo likageuka ripoti ya daktari.

Kwa hiyo, kosa la mwaka 2017 si kubadilisha, bali kubadilisha kana kwamba hakuna akumbukaye. Mwaka 2019 nywele zilirudi, ikaelezwa kuwa vita vimekwisha. Hapo ndipo sura ilipoanza kusimulia.