Mbuzi Akaanguka, au Mti Ukaanguka?

Wengi wanaijua Kiambere, huku Mbeere, kwa bwawa la umeme lililokamilika mwaka 1988 kwenye Mto Tana. Mimi naijua kwa mwalimu mmoja wa Kiingereza wa Gredi ya Nne. Hapendi kutajwa, basi simtaji.

Gredi ya Nne ndipo mtoto wa mashambani anapovushwa. Hadi ya Tatu, sera ya elimu humruhusu kufundishwa kwa lugha ya kwao. Kuanzia hapo, masomo yote isipokuwa Kiswahili huwa ni kwa Kiingereza. Siku niliyokaa nyuma ya darasa lake, kitabu kilikuwa na sentensi hii: "She tied the goat to the tree and it fell." Swali: kilichoanguka ni nini? Majibu ya nyuma ya kitabu yalisema mbuzi. Nusu ya darasa ilikuwa imeandika mti.

Mwalimu mwenye haraka angewapigia mkasi na kuendelea. Huyu aliiweka kalamu chini.

Mtoto anayezungumza Kimbeere na Kiswahili hajazoea shaka ya namna hii. Ngeli humtajia mwenye kuanguka hata kabla kitenzi hakijaisha: mbuzi akaanguka, mti ukaanguka. Kiingereza kimewafunga wote wawili kwa kamba moja, "it", kisha kikanyamaza. Na mwalimu hawezi kuuliza "aliyeanguka ni nani?", maana ile "a" imeshamchagua mbuzi. Kwa hiyo hakuuliza. Alichora. Upande mmoja wa ubao, mbuzi miguu juu, mti umesimama. Upande wa pili, mti chini, mbuzi ameduwaa na kamba shingoni. (Mbuzi wake walifanana na sungura, lakini hakuna aliyelalamika.) Akaisoma sentensi polepole, mara mbili, mara ya kwanza akigusa mchoro huu, mara ya pili ule. Kisha akangoja. Kungoja kwake ndiko nilikokuhusudu: chaki mkononi, hasemi neno, mpaka msichana wa dawati la mbele akasema, "Mwalimu, zote ni kweli."

Ndipo akawapa ya pili, ya nyumbani kwa watoto wanaoishi karibu na bwawa: "We saw the fisherman with a torch." Tulimwona kwa tochi, au tulimwona mvuvi mwenye tochi? Safari hii hawakuhitaji mchoro.

Mvulana mmoja akacheka kwamba Kiingereza ni lugha ya kubabaisha. Mwalimu hakumkemea. Aliandika: "Mama alimpigia mtoto mpira." Watahiniwa wa KCSE wanaijua mitego ya aina hii. Mama aliupiga mpira kuelekea kwa mtoto? Aliupiga kwa niaba yake? Au alimchapa mtoto kwa sababu ya mpira? Kicheko kikahamia kwa Kiswahili.

Mwandishi wa kitabu simlaumu kwa sentensi yake. Hakuna lugha isiyo na utata. Namlaumu kwa jibu moja alilolifungia nyuma ya kitabu, kana kwamba amewahi kumwona huyo mbuzi.

Kengele ilipolia, kila daftari lilikuwa limepata alama ya vema. Katika nakala ya mwalimu, kando ya jibu lililochapishwa, palikuwa na maneno mawili ya penseli: "au mti".