Mafundi wa Jua wa Nzuguni

Mgeni atokaye ng'ambo kujitolea katika kazi ya umeme wa jua, akishukia Nzuguni, mashariki ya mji wa Dodoma, jambo la awali limpasalo kujifunza si hesabu ya wati, bali ni kuitikia salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi", na kula ugali wa uwele kwa mlenda pasipo kukunja uso; na mwalimu wake katika hayo, aghalabu, huwa ni fundi wa papo hapo, ambaye sifa zake ni nadra kuandikwa.

Fundi huyo ndiye amwambiaye kwamba, kwa kuwa tupo kusini ya ikweta kwa digrii 6 hivi, paneli huelekezwa kaskazini, wala hailazwi bapa, ili vumbi la kiangazi lisiituamie na mvua ipate kuiosha. Kwamba jua la adhuhuri, pamoja na ukarimu wake, huipunguzia nguvu paneli iliyopata joto kali, hivyo sharti iachwe nafasi ya upepo kupita chini yake. Na kwamba betri isikamuliwe mpaka iishe, hata kama mpira haujakwisha (nasaha ambayo, nakiri, mimi mwenyewe huiasi).

Mwezi wa Agosti, katika viwanja vya Nanenane papo Nzuguni, nilimsikia mmoja wa mafundi hao akiulizwa na ajuza wa Kigogo mbele ya pampu ya sola:

"Na mawingu yakitanda, mjukuu wangu?"

"Tangi liko juu, bibi. Tunaweka akiba ya maji, si ya umeme."