Fundi ni Anayeupokea

Ukitaka kumjua fundi wa mpira, usingoje apige shuti. Mtazame pale mpira unapomjia. Kwenye kiwanja chochote cha mchangani hakosekani kijana mwenye mguu mzito, wa kuubutua mpira mpaka barabarani, na watazamaji wanamshangilia. Mpe kijana huyohuyo pasi ya mita kumi: inamgonga ugokoni, inamkimbia, naye anaanza kuifukuza. Timu yenye watu wengi wa namna hiyo haichezi, inafukuzana. Kisha anaingia mmoja, pengine mfupi na mwembamba. Mpira unamfikia ukidunda ovyo, anaushusha chini, na ghafla wenzake wote wana muda wa kufikiri. Huyo ndiye ninayemsifu hapa, na ndiye ambaye anayeanza mpira leo anapaswa kumwiga kabla hajamwiga mfungaji.

Mashabiki wetu wanalijua jambo hili hata wasipolisema. Clatous Chama, Mzambia aliyetua klabu ya Simba mwaka 2018, hakupendwa kwa mbio wala kwa misuli. Alipendwa kwa sababu pasi mbovu ikifika kwake ilikuwa inatoka ikiwa pasi nzuri. Alipovuka kwenda kwa mahasimu wao Yanga mwaka 2024, nadhani kilichowauma watu wa Simba si magoli waliyoyapoteza, bali kujua kwamba mguu ule sasa ungewatulizia wengine.

Mfano mkubwa kuliko yote ninaoujua ulionekana Marseille, Ufaransa, tarehe 4 Julai 1998, robo fainali ya Kombe la Dunia kati ya Uholanzi na Argentina. Matokeo yalikuwa 1-1 na dakika tisini zinakaribia kwisha. Frank de Boer akapiga mpira mrefu kutoka nyuma, ukavuka zaidi ya nusu ya uwanja. Dennis Bergkamp alikuwa anakimbia huku akiutazama ukishuka kutoka angani. Akaruka, akaunyooshea mguu wa kulia, na mpira uliokuwa umesafiri umbali wote ule ukafa palepale kiatuni. Mguso wa pili ukamtoa Roberto Ayala njiani. Wa tatu, kwa upande wa nje wa mguu uleule, ukaingia wavuni. Watu hukumbuka goli. Mimi nikiitazama picha ile huishia kwenye mguso wa kwanza, kwa maana miwili iliyofuata isingekuwepo bila huo.

Sasa, kazi yenyewe inafanywaje? Tuanze na pasi ya chini, maana ndiyo itakayokufikia mara nyingi zaidi. Uzito wako uwe kwenye mguu mmoja, goti limekunjwa kidogo. Mguu wa kupokelea unyanyuke kutoka ardhini kiasi cha nusu ya urefu wa mpira, unyayo ukigeuzwa nje ili ule upande wa ndani, kati ya kifundo na shina la kidole gumba, uelekee kule mpira unakotoka. Wengi wanaoanza hukaza mguu na kuungoja hapo. Mpira ukigonga mguu uliokazwa lazima urudi ulikotoka, haujali wewe ni nani. Anayejua hutoa mguu mbele kuupokea, na mara tu unapogusa huurudisha nyuma pamoja nao, kama mtu anayedaka yai alilorushiwa. Kinachouua mwendo wa mpira ni kule kurudi nyuma. Sheria ni hiyohiyo kwingineko: ukija kwenye paja, paja lishuke, ukija kifuani, toa pumzi na ukivute kifua ndani.

Hapo umejifunza nusu. Nusu ya pili ni mahali pa kuuweka. Mpira uliotulia chini ya miguu yako kabisa, umekwama kati ya nyayo, haukusaidii kitu, kwa sababu itabidi uusogeze tena kabla ya kupiga, na beki atakuwa ameshafika. Mguso wa kwanza mzuri huupeleka mpira hatua moja kule unakotaka kwenda. Kwa hiyo ni lazima ujue unakokwenda kabla mpira haujafika. Ndiyo maana viungo wazuri hugeuza shingo kila mara na kuchungulia nyuma ya mabega yao, jambo ambalo kwenye televisheni halionekani sana kwa vile kamera inaufuata mpira. Siku ukienda uwanjani, acha kuufuata mpira kwa dakika tano. Mkazie macho kiungo mmoja tu, uone shingo yake inavyofanya kazi.

Mwalimu wa yote haya hana mshahara. Ni ukuta. Upige mpira ukutani kwa upande wa ndani wa mguu, upokee, upige tena. Mguu wa kulia, halafu wa kushoto, halafu upokee kwa mmoja na kupiga kwa mwingine. Ukuta haukosei: ukiupa pasi mbovu unakurudishia pasi mbovu, na ukisogea karibu unakuharakisha. Danadana nazo ni nzuri, zinafundisha mguu kuuzoea mpira, ila nina wasiwasi na vijana wanaopiga danadana nyingi mbele ya simu na hawawezi kupokea pasi ya mita ishirini. Kwenye mechi mpira huja kutoka kwa mtu, tena mtu aliyekasirika. Muombe tu mwenye ukuta ruhusa kwanza, na kama ana madirisha ya vioo tafuta ukuta mwingine.

Tukija kwenye vifaa, kipimo changu ni kilekile: kinausaidia mguu kuusikia mpira, au kinauziba?

Kifaa cha kwanza ni mpira wenyewe. Ule wa watu wazima, saizi ya 5, sheria inataka uwe na mzingo wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450 mechi inapoanza. Mtoto wa miaka minane hadi kumi na miwili hivi anafaa kupewa saizi ya 4, na mdogo zaidi ya hapo saizi ya 3. Wazazi wengi hulipuuza hili, wananunua mkubwa ili udumu. Mtoto akiupiga mguu unamuuma, basi anajifunza kuupiga kwa ncha ya vidole au kuukwepa, na tabia hiyo haiondoki kirahisi. Upepo nao una kiasi chake. Mpira uliojazwa ukawa mgumu kama wanavyoupenda vijana wa mashuti hautulizwi na yeyote, sembuse anayeanza. Ubonyeze kwa vidole gumba viwili, uingie kidogo. Na kabla ya kuchomeka sindano ya pampu, ilowanishe, hata kwa mate. Sindano kavu huchana tundu la mpira, na mipira mingi mizuri imekufa kwa njia hiyo ikiwa bado mipya.

Wengi wetu hatukuanza na ngozi wala pampu. Tulianza na mpira wa makaratasi: matambara au sponji katikati, mifuko ya nailoni juu, kamba ikizungushwa kwa nguvu mpaka uwe mviringo wa kuridhisha. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, Kenya Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019, malighafi yake haipatikani kirahisi kama zamani, lakini chandimu, yaani kandanda ya mtaani, haijafa. Mpira wa namna ile una fadhila moja na kasoro moja. Haukimbii, kwa hiyo unamruhusu mtoto aufuge miguuni mwake, apige chenga na tobo katika kichochoro chenye upana wa milango miwili. Lakini haudundi. Mtoto aliyelelewa na makaratasi pekee akikutana na mpira wa upepo ukishuka kutoka juu, hubaki ameduwaa. Kwa hiyo nausifu mpira wa makaratasi, ila siuabudu.

Viatu ndivyo vinavyowapotezea watu pesa. Njumu inafanya kazi moja kubwa, nayo ni kukuzuia usiteleze. Ufundi wenyewe hautoki kwenye kiatu: timu ya Nigeria walizuru Uingereza mwaka 1949, na wachezaji wao wengi walicheza peku. Mwaka mmoja kabla, kwenye Olimpiki ya London, India nao walikuwa na wachezaji wengi peku na wakafungwa na Ufaransa 2-1 tu. Mguu, basi, ulikuwa na akili kabla ya kiatu. Hata hivyo sitaki kuyapamba mambo ya peku; viwanja vyetu vina vioo, miba na misumari, pepopunda haichezi na mtu, na sheria ya leo inamtaka kila mchezaji avae viatu.

Chagua kwa kuangalia ardhi, si rangi. Nyasi za kawaida kwenye ardhi ngumu zinataka njumu zenye meno ya plastiki yaliyoungwa moja kwa moja na soli. Meno marefu ya chuma ni ya uwanja laini uliolowa. Ukiyavaa kwenye changarawe yanarudi juu na kukuchoma nyayo, na magoti yatakudai baadaye. Nyasi bandia zinataka meno mafupi na mengi. Na kama kiwanja chako ni udongo mkavu uliopigwa na jua, ambavyo ndivyo viwanja vingi kuanzia Mbagala hadi Mathare, raba yenye vinundu vifupi vya mpira itakufaa kuliko njumu yoyote ya bei kali. Kununua mitumba si aibu. Kwenye masoko kama Karume au Gikomba mtu mwenye subira hupata pea nzuri. Kikunje kiatu uone kinapindia wapi: kipindie pale vidole vinapoanzia, kisipindie katikati ya nyayo. Vuta soli kwa kucha pembeni, uone kama gundi imeachia. Shika kila jino ulitikise.

Halafu kuna kiatu cha kukulia. Mzazi anamnunulia mtoto njumu kubwa kwa saizi mbili, anajaza karatasi mbele, anasema atazikuta. Naielewa hesabu ya mfuko, ila kiatu hicho kinaua kila kitu nilichokieleza hapo juu, kwa sababu mguu unateleza ndani wakati mpira unagusa nje, na mtoto hajui mpira umemgusa wapi. Kiatu kinachofaa hukaa mguuni kikiwa kimebana bila kuumiza, na nafasi mbele ya kidole gumba isizidi upana wa kidole. Kijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kwa shughuli za siku, tena ukiwa na soksi za kuchezea. Binti anayeanza awe mwangalifu zaidi, kwa kuwa njumu nyingi sokoni zimechongwa kwa kufuata mguu wa kiume. Kisigino kikicheza ndani, aachane nazo hata kama urefu unamtosha. Mvua ikizilowesha, zijaze magazeti na uzianike kivulini. Juani au pembeni ya jiko ngozi hukakamaa na gundi huachia.

Vilinda ugoko vina historia inayonichekesha. Kanuni za mpira zilizoandikwa London mwaka 1863 tayari zilikataza misumari iliyochomoza na vipande vya chuma kwenye viatu, jambo linaloonyesha watu walikuwa wakifanyiana nini. Mwaka 1874 Sam Weller Widdowson wa Nottingham Forest alichukua pedi zake za kriketi, akazikata, akazifunga juu ya soksi. Alichekwa. Leo sheria hairuhusu mchezaji kuingia uwanjani bila vilinda ugoko, na lazima vifunikwe na soksi. Vijana wamerudi kwenye mtindo wa kuvaa vidogo vya kuchekesha kwa sababu wanawaona mastaa wakivaa hivyo, na tangu 2024 sheria inamwachia mchezaji mwenyewe jukumu la ukubwa wake. Anayeanza avae vinavyofunika ugoko kweli. Anayeogopa kupigwa hurudisha mguu kabla mpira haujafika, na hapo hakuna kutuliza.

Jezi, bukta na soksi havinihangaishi: viwe vyepesi, visibane. Glavu ni za kipa, na hata yeye sheria haimlazimishi kuzivaa.

Mwaka 2027 Kenya, Tanzania na Uganda zitaandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika, na najua nyumba nyingi zitajaa watoto wanaotaka kuvishwa kama mastaa. Mzazi mwenye pesa ya kitu kimoja tu, nakuomba ununue mpira, wa saizi ya mtoto wako. Njumu anaweza kuazima kwa rafiki siku ya mechi. Mpira anauhitaji kila siku baada ya shule, na ukuta mnao.