Shujaa wa Milimita 28

Sanamu ya askari katika michezo ya vita ya mezani hupimwa kutoka unyayoni hadi machoni, si hadi utosini, maana chapeo na manyoya yake yangevuruga hesabu. Kipimo kilichozoeleka ni milimita 28, yaani mtu amepunguzwa karibu mara 60. Sasa chukua pete moja ya dirii ya minyororo, yenye upana wa milimita 10, uipunguze vivyo hivyo. Utabaki na kitu kama sehemu ya sita ya milimita, ambacho jicho hukiona kwa shida na rangi ikipita mara moja inakizika. Mkuki mnene wa sentimita 4 nao unabaki nusu milimita na ushei, na utakatika siku ya kwanza utakaposhikwa vibaya. Ndiyo maana fundi mzuri hafuati rula. Anakuza viganja, ananenepesha mkuki, anachimba pete kubwa kuliko haki yake, halafu mahali pengine anaacha patupu kabisa. Ninachokistahi katika kazi hii ni hicho hasa, kujua pa kutia chumvi na pa kuacha.

Wapenzi wengi wa mashujaa wa farasi wameupata ugonjwa huu kupitia Warhammer, mchezo wa kampuni ya Games Workshop ya Uingereza uliotoka mwaka 1983. Humo kuna Bretonnia, nchi ya kubuni iliyochota kwa Ufaransa ya enzi za kati na kwa hadithi za Mfalme Arthur. Kampuni iliusitisha mchezo huo wa zamani mwaka 2015, na Bretonnia ikarudi rasmi mwaka 2024 katika toleo la The Old World. Katikati hapo, aliyetaka kikosi kipya alisaka sanamu za zamani, au alichukua mpanda farasi wa sanduku hili na farasi wa sanduku lile, kisha akaziba mapengo kwa mkono wake.

Kuziba huko ndiko kwenye raha. Kwanza mkono hukatwa begani kwa msumeno mwembamba, tundu hutobolewa kwa keekee ndogo ya kuzungusha kwa vidole, na kipande cha waya huingizwa kiwe mfupa. Kisha huja puti ya epoksi. Huuzwa kama utepe wa rangi mbili, bluu na njano, zilizolala ubavu kwa ubavu. Pale zinapogusana huwa zimeshaanza kuganda, kwa hiyo fundi makini huukata mstari ule na kuutupa. Akiuacha, chembe ngumu zitamkera mpaka mwisho. Zinazobaki hukandwa mpaka ziwe kijani kimoja. Ikiwa mbichi, puti hiyo hung'ang'ania kidole kama ulimbo, na ndiyo maana kila meza ya kazi ina maji au mafuta ya mgando kando ya vijichuma vilivyoazimwa kwa daktari wa meno.

Mwenye pupa huanza kuchonga hapo hapo, na kila ukingo anaoutengeneza unalala. Mzoefu huiacha kwanza. Baada ya nusu saa hivi puti inaanza kushika umbo, na sindano inaweza kuchora pete za dirii, safu baada ya safu, kila safu ikielekea kinyume na ya juu yake. Akimaliza kifua, mgongo unasubiri kesho, la sivyo kidole gumba kitafuta kazi ya jioni nzima.

Nguo ndefu ya farasi ni mtihani mkubwa zaidi. Mikunjo ya kitambaa huzaliwa pale kinapovutwa, kwenye ukingo wa tandiko au gotini farasi anaponyanyua mguu, kisha hupanuka kadiri inavyoshuka. Nimeona sanamu zenye mistari iliyopangwa kwa nafasi sawa toka kifuani hadi mkiani. Miguu inakimbia, nguo imesimama. Afadhali mikunjo mitatu yenye sababu.

Huwezi kuzungumzia mikono bila kumtaja Michael Perry. Yeye na pacha wake Alan ni miongoni mwa wachongaji walioipa Warhammer sura yake, na baadaye walianzisha kampuni yao, Perry Miniatures, inayotengeneza, pamoja na wengine, askari wa farasi wa enzi ya vita vya Agincourt vya mwaka 1415. Mwaka 1996, katika maigizo ya vita huko Ufaransa, ajali ya mzinga ilimpokonya mkono wa kulia, aliokuwa akichongea. Akajifunza upya kwa kushoto. Kwa kazi ambayo kosa la nusu milimita linapindua uso, sijui niseme nini zaidi.

Kwa mapambo ya chapeo, wengi hurudi kwenye Codex Manesse, kitabu cha karne ya 14 kilichopo Heidelberg, Ujerumani, chenye picha za washairi 137. Hartmann von Aue amechorwa humo akiwa na kichwa cha tai juu ya chapeo, na vichwa hivyo hivyo vimetapakaa kwenye ngao na nguo ya farasi. Mezani pambo kama hilo lina kazi: linamtambulisha shujaa kwa mtu aliyesimama upande wa pili. Sheria ya rangi za ngao nayo ilikuwa na nia hiyo hiyo. Dhahabu na fedha, yaani njano na nyeupe, hazikai moja juu ya nyingine; wala nyekundu, bluu, nyeusi na kijani hazipandani zenyewe kwa zenyewe. Mwenye ngao mbaya ukimsahihisha, atakukumbusha kwamba ufalme wa Yerusalemu uliweka misalaba ya dhahabu juu ya fedha. Jibu hilo huwa nalo tayari, na mara nyingi rangi imeshakauka.