Jamshidi: Jina Lililokosa Nafasi ya Pili

Mzee wa Mji wa Kale wa Mombasa akimuuliza kijana jina, jibu la neno moja halimtoshi. "Ali." "Ali wa nani?" "Ali Omar." "Omar wa nani?" "Omar Ali." Hapo mzee hutulia, maana amekwisha kujua anasema na nani, wa mlango gani, na babu yake alizikwa wapi. Ali Omar Ali: jina limetoka, limepita kwa baba, limerudi. Ni umbo tulilolizoea mno hata hatulioni. Mwana wa kiume hupewa jina la babu yake, babu angali hai au amefariki, na jina la tatu huitikia la kwanza kama kina kinavyoitikia kina katika ubeti.

Umbo hilo lina nafasi zake. Nafasi ya kwanza ni ya mtoto, nayo ndiyo pekee wazazi wanaweza kuichagulia neno. Ya pili ni ya baba na ya tatu ni ya babu, hizo hazichaguliwi. Mwisho kabisa huja nisba, yaani ukoo au mji wa asili: Al-Mazrui, Al-Mandhry, Shirazi. Katika uhakiki huu nataka kuisoma nasaba kwa nafasi hizo, kwa kulifuata jina moja la Kiajemi lililoingia Mombasa kwa mlango wa juu kabisa likatoka bila kuacha mjukuu. Jina hilo ni Jamshid.

Tarehe 1 Julai 1963 Sayyid Jamshid bin Abdullah bin Khalifa bin Harub bin Thuwaini bin Said alirithi kiti cha Unguja baada ya kufariki baba yake. Pamoja na Unguja na Pemba alirithi pia ukanda wa maili kumi wa pwani ya Kenya, ambao tangu mkataba wa 14 Desemba 1895 Waingereza waliutawala kwa jina la Sultani na kwa kodi ya kila mwaka. Bendera yake nyekundu ilipepea juu ya Ngome ya Yesu. Tarehe 8 Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, walikubaliana kwamba ukanda huo uwe sehemu ya Kenya, na usiku wa kuamkia 12 Desemba ukawa. Kwa miezi mitano na ushei, basi, Mombasa ilikuwa na mfalme mwenye jina la Kiajemi, naye akawa wa mwisho.

Isome nasaba hiyo tena, polepole. Abdullah, Khalifa, Harub, Thuwaini, Said: kuanzia nafasi ya pili hadi ya sita ni Kiarabu kitupu, majina ambayo masultani wa Al-Busaidi walikuwa wakiyapokezana. Khalifa bin Harub alitawala kuanzia 1911 hadi 1960, na jina la Khalifa lilikuwa limekwisha kukaa kwenye kiti hicho kabla yake. Ghafla, katika nafasi ya kwanza, mbele ya majina hayo yanayorudi, linasimama neno ambalo halimwitikii hata mmoja kati yao. Halina babu katika mlolongo huo. Kwa msomaji wa umbo, hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika jina la mtu huyu, na sijaona likisemwa.

Maana yake ni nzuri. Jamshid wa kwanza ni mfalme wa hekaya za Kiajemi; katika maandiko ya kale ya Kizoroasta anaitwa Yima, na sifa yake ni mng'aro. Yima akawa Jam, mng'aro ukawa shid, neno lilelile lililomo katika khorshid, jua. Mshairi Firdausi, aliyeikamilisha Shahnameh, kitabu cha wafalme wa Uajemi, mnamo 1010, anamfanya Jamshid kuwa mfalme wa miaka mia saba, aliyewafundisha watu kufuma, kujenga na kutibu. Kisha akajikweza mpaka akadai uungu. Nuru ya ufalme ikamwacha, adui yake Zahhak akamvamia, akatoroka, na mwishowe akakatwa kwa msumeno.

Ni rahisi kulisoma jina kama utabiri. Tarehe 12 Januari 1964 mapinduzi yalimng'oa Sultani. Aliondoka Unguja kwa meli yake, Seyyid Khalifa, akaja Mombasa, na serikali ya Kenya ikamkatalia kushuka. Akaelekea Dar es Salaam, kisha Uingereza, akaishi Southsea kwa zaidi ya nusu karne. Hekaya ya mfalme aliyeachwa na nuru inakaa vizuri mno juu ya habari hizi, na kwa sababu hiyo hiyo siiamini kama usomaji. Jina hilo wanalo watu wa Iran, Tajikistan, Uzbekistan na Pakistan wasiohesabika, na Wahindi wana mji mzima wa chuma, Jamshedpur, ulioitwa kwa heshima ya Jamsetji Tata. Hao wote hawakutoroka kwa meli. Anayetafuta bahati ndani ya maana ya jina ameacha kulitazama jina lenyewe.

Basi tulitazame. Katika karatasi za serikali ni Jamshid, likiishia kwa konsonanti. Katika ulimi wa wengi ni Jamshidi. Mhesabu mizani atasoma Ja-m-shi-di, mizani nne, kwa kuwa /m/ hii hujisimamia yenyewe, kama katika hamsini. Nne ni nusu kamili ya kipande cha shairi letu la mizani nane kwa nane, umbo ambalo Muyaka bin Haji alilitia nguvu hapa hapa Mombasa kabla ya kufariki mnamo 1840. Tena kina cha /di/ ni kina cha neema: ahadi, baridi, shahidi, hasidi, juhudi, zaidi, maridadi. Malenga akipewa jina hili hana pa kulalamika, litamkalia ukwapi na utao, vipande vyote viwili vya mshororo, bila kulipinda wala kulipunguza. Kwa hiyo ulimi haukulikataa.

Ushahidi zaidi uko karibu. Neno jamhuri husomwa Ja-m-hu-ri: mizani nne, /m/ iliyojisimamia, mkazo mahali palepale. Yana umbo moja. Tarehe 12 Desemba, siku ambayo bendera ya Jamshidi iliondoka Mombasa, ndiyo Wakenya waliyoifanya Siku ya Jamhuri mwaka uliofuata. Sidai kwamba kuna siri hapa. Nadai tu kwamba mdomo ulioweza kulipokea neno moja kwa furaha haukushindwa kulipokea jingine.

Wala mambo ya Jamshidi hayakuwa mageni pwani. Waajemi husimulia kwamba yeye ndiye aliyeanzisha Nauruzi, mwaka mpya wao, na pwani yetu imehesabu mwaka wa jua kwa Nairuzi tangu zamani: mabaharia na wakulima walihesabu miongo ya siku kumi kumi kuanzia siku hiyo, na Makunduchi bado wanauoga Mwaka Kogwa kila Julai. Magofu ambayo Wazungu huyaita Persepolis, Wairani huyaita Takht-e Jamshid, kiti cha enzi cha Jamshid, nayo yako kiasi cha kilomita 60 tu kutoka Shiraz. Yaani mji ule ule ambao nusu ya pwani imejinasibisha nao ni jirani wa kiti cha mfalme huyu. Sikukuu yake ilifika, na jina la jirani yake lilifika. Jina lake yeye halikuenea.

Sababu, naona, ni nafasi. Tangu zamani pwani imeuweka Uajemi mwishoni mwa jina. Ukisoma maandishi ya Kikufi ya msikiti wa Kizimkazi, ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107, mtindo wa herufi unafanana na wa Siraf, Uajemi, lakini aliyetajwa ndani yake ni Musa bin Hasan bin Muhammad. Habari za Mombasa hutaja kwamba ukoo wa Kishirazi wa mji huu ulianzia kwa Shehe Mvita, na Mvita ni jina la hapa hapa, si la Shiraz. Tofauti zipo, na ni nzuri kuzitazama. Katika kibla ya msikiti wa Arba'a Rukun, Mogadishu, wa mwaka 667 wa Hijria, ametajwa Khusrau, tena al-Shirazi: Uajemi mwanzo na mwisho. Na mtawala wa mwisho wa ukoo wa Kishirazi wa Mombasa, mwishoni mwa karne ya 16, anaitwa Shaho bin Mishamu, jina lenye sauti ya shah mbele. Baada yake ukoo ulikatika. Hakuna mtawala anayesomeka "bin Shaho".

Sasa linganisha na Feruzi. Hili nalo ni la Kiajemi, la mshindi, na ndilo pia jina la kito cha rangi ya samawati. Halikuja na bendera. Katika karne ya 19 lilikuwa miongoni mwa majina waliyopachikwa watumwa, pamoja na Almasi, Marjani na Mabruki, na linaonekana katika orodha za wapagazi wa misafara ya bara. Jina alilopewa mtu asiyeruhusiwa kutaja babu yake! Lakini mtu huyo alizaa, na mwanawe akawa Juma bin Feruzi. Siku hiyo jina lilihamia nafasi ya pili, na mjukuu alipozaliwa likawa na pa kurudi. Leo Feruzi ni jina la ukoo Tanzania na Kongo, na mashabiki wa Bongo Fleva wanamjua Ferooz wa kundi la Daz Nundaz. Watu waliovuliwa nasaba ndio waliolipa jina hili nasaba. Sijui habari ya majina inayonigusa kuliko hii.

Majina ya kike yamepita njia nyingine. Yasmini, Shirini na Nargisi yameenea kwa urahisi, na umbo linaeleza kwa nini: jina la mwanamke huishi katika nafasi ya kwanza peke yake, halifuati bin, kwa hiyo mzazi alikuwa huru kuchagua lenye harufu na utamu. Uhuru huo una gharama kubwa. Mwana Mkisi, malkia ambaye mapokeo humtaja kabla ya Shehe Mvita, anakumbukwa kwa sababu alikuwa malkia. Mama zetu wengine wamefutwa kwenye mlolongo baada ya kizazi kimoja.

Jamshid bin Abdullah alirudi Oman mwaka 2020, akafariki Muscat tarehe 30 Desemba 2024, akiwa na umri wa miaka 95. "Bin Jamshid" ipo kwa wanawe, mbali na hapa. Katika madrasa za Mji wa Kale mwalimu akiita majina asubuhi, Ali Omar Ali, Khamis Said Khamis, si rahisi ulisikie lake.

Vitambulisho vyetu vya leo vimekwisha kuiondoa "bin", na vyeti vya kuzaliwa vingi huishia jina la tatu. Kwa hiyo nawaomba wenye masanduku ya karatasi za wazee Kibokoni, Kuze na Makadara: andikeni nasaba zenu nzima, jina la nne, la tano na la sita, na pembeni andikeni majina ya kina mama. Kisha wapeni watoto wazisome kwa sauti.