Picha, Kinyago na Neno: Ziara kwa Wasanii wa Kaskazini mwa Ziwa Tanganyika

Uhakiki wa sanaa za ufundi miongoni mwa wanafunzi wa Kiswahili umekuwa na mazoea ya kuanzia mahali penye mlango na bei. Mhakiki huenda Mwenge, Dar es Salaam, akawaona wachongaji wa Kimakonde wakiwa kazini. Huenda kwa wachoraji waliofuata nyayo za Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, akazikuta picha zimetundikwa safu kwa safu. Kisha hurudi na kuandika juu ya rangi, mistari na dhamira. Mazoea hayo hayana ubaya pale yalipozaliwa. Yakipelekwa jinsi yalivyo hadi Uvira na ufuo wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, humfanya mhakiki aione nusu ya kazi na kudhani ameimaliza.

Makala haya yanashikilia kwamba katika eneo hilo kazi ya mkono, iwe ya kuchonga au ya kupaka rangi, haikukusudiwa kujitosheleza. Imeachiwa nafasi ya neno, na neno hilo limo kinywani mwa mwenye kazi. Kwa hiyo ziara kwa msanii ni sehemu ya uhakiki wenyewe, na mhakiki asiyeketi kusikiliza hana matini kamili ya kuhakiki.

Msafiri anayeshuka kutoka Bukavu huingia katika uwanda wa Ruzizi hapo Kamanyola, akapita Luvungi na Sange hadi Uvira, mji uliobanwa kati ya milima na maji, na Bujumbura ikionekana ng'ambo. Wavira, Wafuliiru, Wabembe na wengine hukutana humo, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni. Kusini, kwenye njia ya Baraka na Fizi, ni nchi ya Wabembe. Magharibi, nyuma ya milima ya Itombwe, wako Walega wa Mwenga na Shabunda. Picha za kwanza atakazozikuta mgeni ni zile zenye kazi ya kufanya: majina yaliyopakwa rangi ubavuni mwa boti za mbao, vichwa vilivyochorwa kwenye mabango ya vinyozi, maandishi ya kuta za maduka. Huenda asiziite sanaa. Hapo ndipo kosa la kwanza linapoanzia.

Mfano ulio wazi zaidi wa uhusiano wa kifaa na neno ni wa Walega. Kwao vinyago na sanamu ndogo vilikuwa mali ya chama cha bwami, ambacho wanaume pamoja na wake zao walikipanda daraja kwa daraja. Sanamu za pembe ya ndovu zilikuwa alama za kindi, daraja la juu kabisa. Vinyago vidogo vya mti viitwavyo lukwakongo vilikuwa vya yananio, daraja lililo chini yake. Daniel Biebuyck, Mbelgiji aliyefanya utafiti kwa Walega kati ya 1952 na 1954 na kutoa kitabu Lega Culture mwaka 1973, alionyesha jambo ambalo mwanafunzi wa fasihi simulizi atalielewa upesi. Kifaa kilitolewa wakati wa kumwingiza mtu darajani, kikachezwa, na kikaandamana na methali iliyoimbwa. Kinyago kiliweza kuvaliwa, kushikwa mkononi, kuburutwa chini kwa ndevu zake au kutundikwa uani, na kila mkao uliweza kuleta fundisho jingine. Sanamu yenye vichwa vingi, sakimatwematwe, ilimsema mtu mwenye busara aonaye pande zote. Anayeitazama nyuma ya kioo bila maneno hayo anaona umbo la ajabu tu, na pengine analisifu kwa sababu hiyohiyo.

Nyumba ya kuingizia watu darajani, basi, ndiyo iliyokuwa jumba la maonyesho, na aliyeingia alilipa kwa mali na kwa kufundishwa. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilikipiga marufuku chama cha bwami. Vifaa vingi vilikwisha kuchukuliwa kabla ya hapo, na vingi vikatoka baadaye, vikafika Tervuren na katika mikusanyo ya watu binafsi Ulaya na Marekani. Methali hazikusafiri pamoja navyo. Hata Biebuyck hafai kusomwa kama msahafu, kwa kuwa alifika miaka minne baada ya marufuku hiyo. Alichokiona kilikuwa kimekwisha kubanwa.

Kwa upande wa Wabembe kosa limefika hadi kwenye jina. Sanamu za mti za wahenga zilizotoka katika vilima vya magharibi mwa ziwa ziliitwa katika orodha za makumbusho mara za Wabembe, mara za Waboyo. Katika kitabu chake cha 1981, Statuary from the Pre-Bembe Hunters, Biebuyck alilirudia suala hilo kwa urefu, akizihusisha nyingi na wawindaji waliotangulia kuishi katika nchi hiyo, wakiwemo Basikasingo. Wabembe, ambao wana kinyago chao mashuhuri cha nyuso mbili cha chama cha alunga, walikuwa wamebandikwa wahenga wa watu wengine. Ni fedheha kwa taaluma nzima, maana sanamu ya namna hiyo ilikuwa na jina la mtu, na jina hilo lilijulikana kwa ukoo ulioitunza. Swali la "huyu ni nani?" lilitosha kuanzia.

Itasemwa kwamba bwami ni jambo la siri na la kale, na kwamba mchoraji wa siku hizi humuuzia yeyote. Hoja hiyo ina uzito, lakini mfano uliohifadhiwa vizuri kuliko yote katika Kongo ya Waswahili hauiungi mkono. Mfano huo hautoki Uvira; unatoka Kolwezi, katika Katanga, upande wa pili wa ukanda huohuo wa Kiswahili unaopanda na ziwa kupitia Kalemie. Huko, mwaka 1973 na 1974, Tshibumba Kanda Matulu alimchorea Johannes Fabian historia ya nchi yake katika picha zipatazo 100, akitumia vitambaa vya magunia ya unga. Kila picha iliwekwa mbele, ikazungumzwa. Maandishi ndani ya picha kwa kawaida ni ya Kifaransa, tena Kifaransa chenye makosa ya tahajia. Maelezo ni ya Kiswahili. Mtazamaji aliye na turubai peke yake anapewa lugha ya ofisi. Shaka, kejeli na hasira ya mchoraji zimo katika lugha iliyosemwa.

Fabian alieleza kwamba picha za aina hii ziliitwa ukumbusho. Istilahi hiyo inastahili kuchunguzwa na wanaisimu kuliko inavyofanyiwa, kwani kukumbusha ni kitenzi cha kusababisha: lazima awepo anayekumbushwa, na picha isiyo na mtu mbele yake haijafanya tendo lake. Hata hivyo kitabu cha 1996, Remembering the Present, kiliyatoa mazungumzo hayo kwa Kiingereza. Maneno ya Kiswahili yalitolewa kando, katika hifadhi ya matini kwenye intaneti. Ni ajabu kwamba mazungumzo marefu hivyo ya mchoraji wa Kiswahili juu ya kazi yake yanajulikana zaidi kwa tafsiri, na lawama hiyo ni ya idara za Kiswahili kuliko ya Fabian.

Sababu mojawapo ya uzembe huo ni dharau kwa Kiswahili cha Kongo. Mathalan, picha ya mwanamke wa majini mwenye mkia wa samaki, iliyopamba sebule nyingi katika miji ya Katanga, huitwa mamba muntu. Picha ya mandhari ya kijijini huitwa inchi. Mhariri akisanifisha kuwa "mamba mtu" na "nchi" ameandika maneno ambayo mwenye sebule hakuyasema, na amefuta aina ya picha iliyotofautishwa kwa jina hilo.

Mwanafunzi atakayekwenda Uvira kwa kazi hii hahitaji vifaa vingi. Anahitaji kuandika neno kama lilivyotamkwa, kujua ni nani aliyeagiza picha na kwa ajili ya chumba gani, na kutaja bei, kwa sababu mgeni anayelipa naye huibadili picha. Hata Tshibumba alichora mfululizo wake kwa mnunuzi. Kazi yenyewe haisubiri. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika na kuua watu mjini humo, na katika miaka iliyofuata ziwa lilipanda likaingia katika nyumba za ufuoni, pamoja na kuta zilizopakwa rangi. Mwenye ukuta, kama amehamia upande wa mlimani, bado anaweza kueleza palikuwa na picha ya nini.